Korongo wa Mwaka wa Kumi na Saba

4 Februari

Kaka,

Sitauliza kama u mzima, maana ungekuwa mgonjwa ungeshanitafuta nikuhurumie. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu una tabia ya kunikatia mara tu ninapoufikia ukweli, na karatasi haina kitufe cha kukata.

Neno lenyewe ni hili. Mwezi wa tano kuna maonyesho ya kimataifa ya sarafu, yale makubwa ya siku nne, ukumbi wa meza mia sita. Mwaka huu wamefungua shindano la makusanyo ya familia. Hauzi mtu, hanunui mtu. Unapewa kabati la kioo, unapanga sarafu zako, majaji wanapita na lenzi zao. Sharti ni seti iwe kamili.

Unamjua mtu mwenye seti kamili ya korongo, zile sarafu za fedha zenye picha ya ndege huyo, tangu mwaka wa kwanza zilipopigwa mpaka wa ishirini na nne zilipofutwa? Hayupo. Mimi ninazo kumi na mbili, wewe unazo kumi na mbili, kwa sababu marehemu baba aliona atugawie kwa hesabu: miaka witiri kwangu, miaka shufwa kwako. Tangu azikwe, miaka tisa sasa, tumekalia nusu nusu kama watu waliogawana suruali.

Nataka tuzipeleke zote, tusafiri pamoja, tukae siku hizo nne bila kurushiana vikombe. Kwenye kabati kuna kadi ya jina la mkusanyaji. Nataka jina la baba lisomwe na watu wanaojua wanachokitazama, si wale wababaishaji wa chama chake cha Jumamosi.

Najua utasema una kazi. Kazi yako ni kuwatengenezea meno watu waliokula peremende maisha yao yote. Watavumilia wiki moja bila kutafuna. Nijibu kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wako,
Mkaguzi wa Mizani

11 Februari

Bibi Mizani,

Barua yako nimeisoma nikiwa na taya la mzee mmoja mkononi, na taya lile lilikuwa na adabu kuliko wewe.

Siendi. Niliwahi kwenda maonyesho ya namna hiyo, madogo. Ni wazee wenye vitambi, lenzi zimening'inia shingoni, wananong'ona juu ya vipande vya chuma kana kwamba kuna maiti chumba cha pili. Mmoja alinishika mkono akanieleza habari za ukingo wa sarafu kwa dakika arobaini. Ukingo tu, bibi wewe. Upande wenye picha hatukufika. Nilitoka pale nimechoka kuliko siku niliyong'oa meno yangu mwenyewe.

Na wewe unakwenda kushindana kwa lipi? Hukukusanya hata moja. Mimi pia sikukusanya. Sisi ni watoto wa mkusanyaji tu, tumeachiwa sanduku. Unaota kusimama kando ya kabati umevaa gauni jipya, watu wakuulize maswali, nawe ujibu kwa ile sauti unayowajibia wauza sukari sokoni.

Kaa na zako, nikae na zangu. Mzee angetaka zikutane asingezigawa.

Kaka yako,
fundi wa meno (si "Daktari Mkuu" kama ulivyoandika juu ya bahasha. Kejeli yako nimeiona, na mwenye kuleta barua pia ameiona, amecheka)

20 Februari

Kaka,

Nimeelewa. Umeziuza.

Ningekuwa mjinga ningeyaamini hayo maneno ya vitambi na ukingo. Lakini miaka kumi na minane ninakagua mizani, na nimejifunza jambo moja: mwenye bucha ambaye mizani yake ni nzima hukukaribisha kiti. Yule anayeanza kukusimulia habari za hali ya hewa, huyo ndiye mwenye sumaku chini ya sahani. Wewe umenisimulia vitambi ukurasa mzima. Kwamba sarafu unazo, hukuandika popote.

Uliziuza lini? Zilikupatia nini, lile kochi la ngozi bandia mlilonunua? Siku ya mazishi ulikaa na sanduku magotini kama mtu anayeatamia mayai, hutaki hata shangazi aliguse. Nikasema moyoni, angalau hili atalitunza. Nilikupa sifa usiyostahili.

Zangu zipo zote. Na ile ya mwaka wa kumi na saba ipo vilevile alivyoiacha baba, ndani ya kisanduku chake cha plastiki, utepe umezungushwa, sahihi yake juu ya utepe. Sijaufungua hata mara moja. Mwaka ule zilipigwa chache na nyingi zikayeyushwa kabla hazijatoka kiwandani. Zilizobaki duniani, wenye nazo wangeenea kwenye basi dogo na viti vingebaki. Baba alinipa mimi kwa sababu alijua nani kati yetu ana macho.

Basi niambie nani kazinunua, nikazikomboe mwenyewe.

Mkaguzi

27 Februari

Bibi Mizani,

Anayekukabidhi bahasha hii ni wifi yako. Amekuja huko kwa shughuli zake na nimemwomba asikae kwako zaidi ya kikombe kimoja cha chai, asije akaambukizwa.

Kwenye mkoba wake kuna kumi na mbili. Zihesabu, zipime, zilambe ukitaka. Kochi letu ni la ngozi halisi, na lilinunuliwa na mke wangu.

Sitaki uniombe radhi, huwezi, utaumia. Chukua zote nenda nazo, panga kabati lako, vaa gauni lako. Sina kinyongo. Nina sharti moja tu dogo: ile ya kumi na saba iache nyumbani. Weka nafasi wazi, andika "haikupatikana". Watu wataelewa. Haikupatikana kwa wengi.

Kaka yako

6 Machi

Kaka,

Nimezipokea. Kumi na mbili, zote nzima, na umezifunga moja moja kwenye vile vitambaa vyako vya kliniki. Nilikosea kusema umeziuza. Nimeliandika, sasa tuendelee.

Jana nilizipanga zote ishirini na nne juu ya meza ya kulia chakula. Watoto nikawafukuza, baba watoto nikamwambia ale jikoni. Kaka, sijawahi kuziona pamoja tangu tukiwa wadogo, baba akitusimamisha mikono nyuma tusiguse. Yule ndege anabadilika. Miaka ya mwanzo ana shingo nene kama bata, halafu wachongaji wakajifunza kazi, na kufika mwaka wa ishirini anataka kuruka. Nilikaa nazo mpaka chai ikapoa. Nilitamani uwepo, kwa dakika chache.

Halafu nikalisoma tena sharti lako, tamaa hiyo ikaniisha.

Kwa hiyo hiki ndicho kilichokuwa kinakuwasha. Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, una mvi mpaka puani, unamwonea wivu mdogo wako kwa sarafu moja! Kama hukupewa wewe basi isionekane na mtu. Ungesema tangu mwanzo nikuonee huruma.

Ipo kwenye orodha na inakwenda. Tena ofisi ya maonyesho imenijibu: chochote kilichofungwa hakipokelewi. Kila sarafu inatolewa, inapimwa uzito mezani mbele ya majaji, ndipo inaingia kabatini. Nitaukata utepe wa baba hapo hapo mbele yao, kwa mkono wangu. Nimeshanunua mkasi mdogo.

Mkaguzi

12 Machi

Dada,

Usiukate huo utepe.

Fikiri kidogo. Ile ni sahihi ya mwisho ya baba iliyobaki nyumbani kwako. Ukishaikata imekwenda. Halafu safarini kuna wezi, na viwanja vya ndege siku hizi wanafungua kila kitu, na hali ya hewa ya kule si nzuri kwa madini ya fedha. Nimesoma mahali.

Nakuomba. Nadhani ni mara ya kwanza kukuandikia neno hilo.

Kaka yako

16 Machi

Kaka,

Hali ya hewa! Hukunisikia niliposema kuhusu wenye bucha?

Fomu nimeshaijaza na nimeshaituma. Tikiti yangu ninayo. Wewe baki na mataya yako.

Ila nikuambie jambo ambalo nimelificha miaka tisa kwa heshima ya damu. Siku baba aliponikabidhi kile kisanduku alinishika bega, akaniambia: "Kitu cha thamani usimpe kaka yako. Mikono yake imezoea bandia." Nilikuonea huruma siku ile. Leo nimeona alikujua kuliko nilivyokujua mimi.

Usinijibu.

Mkaguzi

22 Machi

Bibi Mizani,

Mikono yangu imezoea bandia. Vizuri sana. Kaa kwenye kiti basi, umeyataka mwenyewe.

Sarafu uliyonayo niliitengeneza mimi.

Mwaka mmoja kabla hajafa, baba alikuja karakanani kwangu Jumatatu asubuhi, hata mlango sijafungua vizuri. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Unakumbuka alivyokuwa akinitambulisha kwa watu, "Huyu anahangaika na meno." Kwake nilikuwa chini kidogo ya wanaoziba pancha. Basi alisimama katikati ya mataya ya plasta, koti amelifunga mpaka juu, akasema, "Nimepata hasara."

Jumamosi yake alikuwa ameipeleka ile ya kumi na saba kwenye chama chao ili amkate maini yule mwenye duka la viatu, aliyekuwa akijigamba na makusanyo yake. Akaitoa, akaipitisha mezani mkono kwa mkono, watu tisa, huku yeye akiwahutubia jinsi watu wa siku hizi wasivyojua kutunza vitu. Ikazunguka. Haikurudi. Na hakuthubutu kuuliza iko kwa nani, maana kuuliza ni kukiri mbele ya watu aliowadharau miaka thelathini. Akacheka nao, akavaa kofia, akaenda nyumbani bila sarafu. Huyo ndiye mtunzaji wetu.

"Utanitengenezea," akaniambia. Hakusema tafadhali, aliketi.

Ya kuiga haikuwepo, kwa hiyo aliniletea ya mwaka wa kumi na tano. Nikaitolea kalibu kwa plasta tunayotolea mataya, nikapata ndege wangu wa nta. Nikaichonga ile tano ikawa saba, na ujue namba yenyewe ni ndogo kuliko jino la mtoto mchanga. Siku nne. Niliharibu tatu kabla ya hiyo. Chuma kikipoa hunywea, ndiyo maana waghushi wajinga hutoa sarafu ndogo kuliko yenyewe. Plasta yetu hutanuka kufidia, kwa hiyo kwa upana hutamkamata korongo wangu. Kwa uzito utamkamata. Madini ya meno ni mepesi, sikuwa na mengine.

Alipokuja kuichukua aliisogeza dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena. Akasema, "Kumbe una mikono."

Basi. Miaka arobaini na miwili ya kuwa mwanawe, na hiyo ndiyo sifa niliyopata, kwa kazi ambayo sikuruhusiwa kumwonyesha mtu. Halafu akaja kukuambia hayo aliyokuambia. Asante kwa kunifikishia.

Sasa nikuonyeshe macho yake yalivyokuwa. Ile ya kumi na tano ina mkwaruzo chini ya mguu wa kushoto wa ndege, mfupi, mwembamba kama unywele. Kwenye nta ningeufuta mara moja. Niliuacha makusudi. Nilitaka nijue kama bwana anayejisifu macho kiasi kile atauona. Hakuuona. Akaitia kisandukuni, akazungusha utepe, akatia sahihi. Kisha akakupa wewe, uliyerithi macho, ukakaa na zote mbili sanduku moja miaka tisa. Zitoe uziweke sambamba. Hata utepe huna haja ya kuukata, plastiki inapitisha mwanga.

Aliniapisha nisikuambie. Baadaye nikanyamaza kwa raha zangu tu: nilipenda kujua jambo usilolijua. Kila ulipovimba kichwa nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Lakini kukuacha usimame mbele ya meza mia sita, jaji aiweke kwenye mizani, halafu wakuangalie wewe kama mwizi kwa kazi ya mikono yangu, hilo lilinishinda.

Sasa fanya upendalo.

Fundi

18 Aprili

Kaka,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza barua ilikuwa ni matusi, na sikujua niiandike kwa nani kati yenu wawili.

Niliziweka sambamba siku ileile. Sikuhitaji lenzi. Mkwaruzo ni mmoja, mahali pamoja, hata unavyopinda mwishoni ni vilevile. Zilikuwa zimelala vishimo viwili jirani muda wote huo. Mimi niliyefunga bucha la mtu kwa gramu ishirini! Mimi ninayewaambia vijana kazini kwamba mkaguzi hatazami jina lililo juu ya mlango, anatazama sahani! Nilitazama sahihi tu. Niliheshimu utepe.

Nikaukata. Nikaipima. Imepungua gramu moja na robo. Kwa kiasi hicho ningemtoza mtu faini.

Siku ya kwanza nilikuchukia wewe, nisikufiche. Siku ya pili nikakumbuka tarehe. Maneno yale ya mikono na bandia, baba aliniambia akiwa na kisanduku mkononi, kimeshafungwa, na ndani yake imo kazi yako. Alikuwa anajua. Alikula kwa mkono wako, kisha akanionya nisiuamini. Na mimi nikameza, nikajiona binti mteule, nikakudharau miaka tisa kwa dharau ya kuazima. Zangu za asili zilikuwa zinatosha.

Nimesikitika, kaka. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Sasa sikiliza, maana nimeshafanya jambo bila kukuuliza na sitarudi nyuma. Niliwaandikia ofisi ya maonyesho, nikawaeleza yote, mpaka mwenye duka la viatu. Kwenye shindano tumeondolewa, seti si kamili. Jina la baba halitasomwa na mtu, na unajua nilivyolitaka hilo. Lakini wana chumba cha nakala na sarafu za kughushi, ambacho watu hukipenda kuliko kumbi zote, wanakwenda kujifunza kukamata. Wameomba niilete hiyo yako, pamoja na ile ya kumi na tano, zikae kabati moja. Wanasema hawajawahi kupata nakala ambayo mtengenezaji wake yu hai, anajulikana, na anaweza kusimama kando yake kueleza. Kwa kawaida hao huwa wamekimbia.

Kwa hiyo nimewaahidi kwamba utakuja. Kadi nimeiandika mwenyewe, nayo ni hii:

"Korongo, mwaka wa 17. Nakala. Madini ya fedha, imemiminwa kwa kalibu ya plasta kutoka sarafu ya mwaka wa 15, tarakimu imechongwa kwa mkono. Kazi ya fundi wa meno." Kisha jina lako, majina yote matatu, kwa herufi kubwa. La baba halimo popote.

Tikiti yako imo ndani ya bahasha hii, pamoja na kadi moja ya ziada uione. Usije na lile koti lako lenye plasta mabegani. Na usianze kuwaeleza watu habari za ukingo.

Mdogo wako

25 Aprili

Dada,

Kadi yako ina makosa mawili. Si "madini ya fedha", ni mchanganyiko wa fedha na bati, kwa hiyo usinitie aibu mbele ya wanaojua. Na haikumiminwa moja kwa moja kutoka kwenye plasta, kulikuwa na nta katikati. Miaka kumi na minane ya ukaguzi na bado unaandika mambo nusu nusu. Isahihishe.

Jina umelipatia.

Mke wangu ananiuliza kwa nini kadi ya sarafu ya bandia nimeibandika ukutani karakanani, juu ya benchi, mahali ambapo wateja wanaiona. Nimemwambia ni mambo ya kazi. Leo mzee mmoja aliyekuja kupima taya akaisoma yote kwa sauti, mdomo haujajaa meno bado, akanigeukia akauliza, "Ni wewe huyu?"

Nikamwambia ni mimi.

Koti nimempa fundi cherehani. Naja Jumanne.

Kaka yako